Daktari Huyu Asema Hivi, Yule Asema Vile

Hotuba kwa wagonjwa wa presha na sukari na jamaa zao, Lamu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, dada na ndugu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa mikeka imejaa, habari za alasiri.

Nimeombwa nizungumze juu ya presha na sukari. Nitazungumza, lakini nitaanza na swali ambalo naulizwa kuliko hata hayo maradhi yenyewe. Naulizwa sokoni, naulizwa nikisubiri boti, naulizwa hata harusini: "Nimekwenda kwa daktari wa kwanza kaniambia hivi, nimekwenda kwa wa pili kaniambia vile. Sasa nimfuate nani?"

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pwani tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na jawabu langu halijabadilika. Kabla hujamchagua mmoja, hakikisha kila mmoja amejua mwenzake alisema nini na alikupa nini. Mara nyingi mgongano huishia hapo hapo. Usipoisha, basi hiyo ni tofauti ya kweli, na katika tofauti ya kweli wewe mgonjwa una neno la kusema.

Nitawasimulia habari za mama mmoja wa kisiwa cha Pate. Mwenyewe ameniruhusu, jina lake nalihifadhi. Mama huyu ana presha ya miaka. Kliniki ya kwanza ilimpa enalaprili pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini, presha ikatulia. Baadaye magoti yakaanza kumsumbua. Mwanawe anayekaa Malindi akamwita, akampeleka kwa daktari huko, akapewa diklofenaki, ameze asubuhi na jioni. Magoti yakapoa kweli. Aliporudi kupima, presha imepanda. Siku hiyo alimkuta daktari mwingine, naye akamwongezea amlodipini. Hazikupita wiki nyingi, miguu ikavimba kwenye vifundo. Na kikohozi kikavu kilikuwa kimemwandama muda wote huo, usiku halali. Akaenda Mombasa kwa dada yake. Huko daktari mmoja akamwambia maradhi yako kifuani, akampa antibiotiki. Mwingine akaitazama miguu, akamwambia huenda ni moyo. Wa tatu akapima damu, akamwambia figo zimeanza kulemewa, apunguze dawa. Dawa gani, ama hakuambiwa ama aliambiwa hakusikia.

Mama wa watu akarudi kwao ana maradhi mapya matatu, na uamuzi ameshakata: ataziacha dawa zote, atakunywa habasoda na asali.

Nilimkuta nyumbani kwake. Tukatandika mkeka, nikamwambia, "Bibi, mwaga kikapu chote hapa." Zilitoka dawa za kujaza sinia. Kulikuwa na bahasha ndogo za karatasi zilizoandikwa 1x2 kwa kalamu, jina la dawa hakuna. Kulikuwa na vipande vilivyokatwa kwa mkasi, jina limebaki herufi nne za mwisho. Amlodipini ilikuwamo mara mbili, imetoka viwanda viwili kwa majina mawili na rangi mbili, na alikuwa akizimeza zote mbili, kwa kuwa moja ni "ile ya Lamu" na nyingine ni "ile ya Mombasa". Na diklofenaki ilikuwamo bado, imenunuliwa tena na tena duka la dawa bila ya daktari yeyote kuandika.

Tukazipanga dawa kwa tarehe, ya kwanza mpaka ya mwisho, na mambo yakaanza kufahamika. Diklofenaki na jamaa zake kama ibuprofeni huweza kupandisha presha, na zikikutana na enalaprili na kidonge cha kupunguza maji huweza kuziumiza figo. Amlodipini huvimbisha miguu ya baadhi ya watu, na kipimo kikizidi uvimbe huzidi. Enalaprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichosikia antibiotiki wala tangawizi. Kila daktari aliona jambo la kweli mbele yake. Hakuna hata mmoja aliyeziona dawa zote pamoja.

Sikumbadilishia dawa mimi, maana hiyo si kazi ya muuguzi mstaafu kwenye mkeka. Na niliikataa ile fikra ya kuacha zote kwa mpigo, kwa sababu presha iliyoachwa ghafla bila dawa ndiyo inayotuletea viharusi. Nilimwandikia orodha, akaenda nayo kesho yake kwa daktari mmoja, akakaa naye. Diklofenaki ikasimamishwa, magoti yakapewa parasetamoli na mazoezi. Enalaprili ikaondolewa, ikawekwa losartani. Amlodipini ikabaki moja. Miguu ikanywea. Kikohozi kilichukua wiki kadhaa kuondoka, ndiyo tabia yake. Damu ilipopimwa tena, figo zilikuwa zimerudi vizuri.

Nayasema haya Lamu makusudi. Mtu wa mji mkubwa akitaka kumrudia daktari wake hupanda matatu. Sisi mtu akitoka Faza au Kizingitini huangalia kwanza maji yamejaa au yametoka, afike hapa, avuke Mokowe, apande basi la Malindi au Mombasa. Daktari bingwa tunamwona mara moja, na baada ya miezi sita tunamwona bingwa mwingine pahali pengine. Wenye uwezo huenda India. Kila mmoja huandika karatasi yake, na karatasi hubaki kwenye mkoba wa mtu aliyekusindikiza. Wazee wetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi manahodha wetu hata hawajuani.

Juu ya hao kuna jamaa. Binti yuko Mombasa, kaka yuko Maskati, mpwa amesoma mambo ya afya kidogo. Kila mmoja hutuma sauti kwenye WhatsApp: acha hii, anza ile, hapa kuna dawa nzuri kuliko ya huko kwenu. Wanasema kwa mapenzi, nami siwakatazi kupenda. Nawaomba wakipiga simu waanze kwa kuuliza, "Mama, daktari wako anajua kuhusu hili?"

Sasa tuje kwenye hiyo migongano yenyewe, kwa sababu si yote ni ya aina moja.

Mingine si migongano kabisa, ni vipimo tu. Mzee mmoja hapa alitibiwa India, akarudi na karatasi inayosema sukari yake ni 180. Alipopima hapa akaambiwa ni 10. Akafurahi, akasema madaktari wa India ni waongo, walitaka kumtisha, akaanza kunywa chai ya sukari mbele ya wajukuu. Ndugu zangu, 180 ile na 10 hii ni sukari ile ile. Kule wanahesabu kwa miligramu, hapa tunahesabu kwa milimoli. Chukua namba ya India, igawe kwa 18, utapata ya hapa. Kipimo cha figo kinachoitwa kriatinini nacho ni vivyo hivyo: 1 ya kule ni kama 88 ya huku. Kwa hivyo ukiona namba mbili zinapishana mbali namna hiyo, uliza kwanza, "Hii imepimwa kwa kizio gani?" Mtu wa maabara atakujibu papo hapo.

Mingine ni tofauti ya kweli kati ya watu wenye elimu, na hii ndiyo huwasumbua watu sana, kwa sababu tumezoea kudhani udaktari una jibu moja kama hesabu ya kujumlisha. Presha yako ni 135 kwa 85. Daktari mmoja anasema ni presha tayari, mwingine anasema bado, punguza chumvi tuonane. Wote wawili wana kitabu. Mwaka 2017 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilishusha mstari wa presha mpaka 130 kwa 80. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema watu wengi waanze dawa wakifika 140 kwa 90, ila mwenye maradhi ya moyo huanzishiwa mapema zaidi. Kwa hivyo swali la kumuuliza daktari ni, "Kwa mtu kama mimi, mwenye umri wangu na maradhi yangu, kwa nini umechagua mstari huu?"

Aspirini nayo imewagonganisha wengi. Miaka mingi watu wazima walimezeshwa aspirini ndogo kila siku ili kuzuia maradhi ya moyo. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani likasema mtu wa miaka 60 na kuendelea ambaye hajawahi kuugua moyo wala kiharusi asianzishiwe kwa ajili hiyo, kwa sababu hatari ya kutoka damu tumboni huzidi faida. Lakini aliyewahi kupata shambulio la moyo ana hesabu yake nyingine, naye asiiache kwa kusikia maneno yangu haya. Mnaona inavyokuwa? Jirani aambiwa acha, wewe waambiwa endelea, na hakuna aliyedanganywa.

Sukari ya miezi mitatu, yaani kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa asilimia, ni hivyo hivyo. Chama cha kisukari cha Marekani husema watu wazima wengi wafikishe chini ya 7. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa tiba cha nchi hiyo hiyo kikasema kwa walio wengi kati ya 7 na 8 yatosha. Ajuza wa miaka themanini anayeishi peke yake, sukari ikimshuka usiku aanguke, huyo hakazaniwi kama kijana. Na sisi watu wa Pwani tuna jambo letu: selimundu iko katika damu za wengi wetu. Mwenye ugonjwa wa selimundu, kipimo hiki huweza kumdanganya kikaonyesha sukari ya chini kuliko ilivyo, kwa kuwa chembe zake za damu haziishi muda mrefu. Kama mna selimundu nyumbani kwenu, mwambieni daktari wa sukari, hata asipouliza.

Iko pia migongano inayotokana na pesa. Mahali penye mashine mpya, kila mgonjwa huonekana anaihitaji mashine. Ukiambiwa operesheni ya gharama kubwa na hakuna dharura, kutafuta rai ya daktari wa pili asiye na faida katika hiyo operesheni ni akili, wala si uasi.

Na hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Tunaona haya. Tunadhani kumwambia daktari kwamba tumemwona mwingine ni kumvunjia heshima, basi tunaficha. Tunaficha karatasi za Malindi tukiwa Mombasa, na tunaficha za Mombasa tukiwa India, na tunaficha habasoda, na kombe, na dawa ya mizizi, mahali pote. Mficha uchi hazai. Daktari anayekutibu huku hajui ulichomeza jana anatibu mtu ambaye hayupo.

Sheria iko upande wenu. Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mkataba wa haki za wagonjwa mwaka 2013, na ndani yake mna haki ya kupata rai ya daktari wa pili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama, tena kwa lugha unayoifahamu kadiri inavyowezekana. Kwa hivyo bibi yangu wa Matondoni, akikuzungumzia Kiingereza, una haki ya kusema, "Daktari, sijafahamu, nieleze kwa Kiswahili." Sema kwa adabu yetu ile ile, lakini sema.

Maneno ya kusema ni mepesi. "Daktari, samahani, mwenzako wa Malindi aliniambia kinyume na haya. Hii hapa karatasi yake. Unaonaje?" Kisha nyamaza, mwache asome. Daktari wa kweli hakasiriki. Akikasirika kwa sababu tu umeuliza, umeshajua la kujua kumhusu. Muulize tena, "Nisipofanya chochote kwa mwezi mmoja, kutakuwa na hatari gani?" Swali hili moja hufungua mengi, kwa sababu litakuonyesha kama una muda wa kutafuta rai nyingine au huna. Na kabla hujatoka mlangoni mwambie, "Naomba uniandikie, nimpelekee mwenzako." Barua fupi ya mistari mitano hufanya kazi kuliko simu kumi za jamaa.

Kisha chagua mmoja wa kushika mambo yako yote. Si lazima awe bingwa. Anaweza kuwa daktari wa kliniki yako ya karibu, ambaye unaweza kumfikia bila kupanda boti mbili. Mabingwa watoe rai zao, lakini hakuna dawa inayoongezwa au kuondolewa bila ya huyu mmoja kujua. Nunua daftari la shule, andika dawa kwa jina lake halisi lililo kwa herufi ndogo chini ya jina la kiwanda, kipimo, tarehe, na nani aliyekupa. Asiyejua kusoma, mjukuu yupo. Na dukani usikubali kukatiwa kipande kisicho na jina.

Ramadhani nayo. Kila mwaka hapa kuna mgonjwa wa sukari aliyeambiwa na daktari mmoja asifunge abadan, na mwingine akamwambia funga tu, na shehe akamwambia la tatu. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa, hilo halina mgogoro. Kinachobaki ni nani mgonjwa wa kiasi hicho, na hapo madaktari hawana haja ya kubahatisha. Shirikisho la kimataifa la kisukari limetoa, pamoja na wataalamu wa kisukari na Ramadhani, mwongozo uliofanyiwa marekebisho mwaka 2021, wenye hesabu ya hatari kwa kila mgonjwa: aina ya sukari, dawa anazotumia, figo zake, umri, kama sukari ilimshuka karibuni. Mwenye sukari ya kutulizwa kwa mpango wa chakula tu au kwa vidonge vya metfomini, iliyotulia, huenda akafunga kwa kubadilishiwa saa za dawa. Mwenye insulini, mjamzito, mwenye figo mbovu, hali yake si hiyo. Na anayefunga lazima apime mchana. Wanazuoni wengi wamesema kudunga kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, fungua saa hiyo hiyo, hata kama adhana ya magharibi imebakia dakika kumi. Mwoneni daktari tangu Rajabu, na mkiweza mpelekeeni shehe wenu maneno yake. Nimeshaona shehe na daktari wakiongea kwenye simu juu ya mgonjwa mmoja, wakakubaliana haraka kuliko tulivyodhani.

Kuna wakati wa kutotafuta rai ya pili kabisa. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, twende hospitali saa hiyo. Kifua kikibana na jasho likitoka, twende. Mama mja mzito akiumwa kichwa sana, akaona giza machoni, au akatoka damu, au mtoto akaacha kucheza tumboni, tafuta boti, usitafute rai. Mtoto mwenye homa aliyelegea, hanyonyi, anadegedeka, vivyo hivyo. Tofauti za madaktari tutazizungumza mgonjwa akiwa hai.

La mwisho ni lile ambalo madaktari wote wawili wako sawa na bado hawakubaliani. Dada mmoja hapa alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, ule uitwao fibroidi. Daktari wa kwanza akasema kitolewe kizazi, mambo yaishe. Wa pili akasema utolewe uvimbe peke yake, kizazi kibaki. Wa tatu akasema subiri, umekaribia kukoma hedhi, na baada ya hapo uvimbe huu kwa kawaida hunywea. Alikuja kwangu analia, akasema, "Hawa wananichezea." Nikamuuliza mambo ambayo hakuna daktari aliyemuuliza. Unataka mtoto mwingine? Damu inakutoka kiasi gani, inakuzuia kazi? Umepimwa damu, imepungua kiasi gani? Ukiambiwa uvumilie mwaka mmoja, utaweza? Akakaa, akafikiri, akasema mtoto hataki tena, lakini hawezi kuvumilia, kila mwezi anashindwa kusimama jikoni. Wa tatu alikuwa amesema kweli, ila ushauri wake ulimfaa mwanamke mwingine, mwenye maumivu madogo. Akarudi kwa daktari wa kwanza akiwa na maswali yake, akaeleweshwa operesheni kwa Kiswahili, akaridhia mwenyewe. Mdogo wake, mwenye uvimbe wa namna hiyo hiyo na hajazaa, aliamua tofauti kabisa, na yeye pia ameamua vizuri.

Nimeleta madaftari ya kutosha, yako pale karibu na mlango, na mfamasia wetu amekubali kukaa hapa mpaka magharibi. Aliyekuja na kikapu chake cha dawa asogee kwenye ule mkeka wa kushoto. Wengine tuulize maswali, na tuanze na mama zetu waliotoka Kipungani, maana boti lao halitawangoja.